Kunasa metali nzito majini kwa polima inayong'aa: mwongozo kamili kwa fundi wa maji na mwalimu wa maabara

Uganda tumefundishwa kuchemsha maji, na somo limetuingia. Tatizo ni kwamba kuchemsha huua vijidudu tu. Risasi, shaba, kadimi na zebaki hazifi, maana hazikuwa hai. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, karibu metali yote inabaki, na kila kikombe kinazidi kidogo kile cha mwanzo. Klorini haiziondoi. Chujio la udongo huzuia bakteria vizuri sana, lakini ioni (chembe yenye chaji) ya shaba iliyoyeyuka hupenya kwenye tundu zake bila taabu.

Polima, yaani kemikali za minyororo mirefu, zenye uwezo wa kushika metali zipo, na baadhi hung'aa zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, kisha hufifia zikishashika metali. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia kuanzia mtoni hadi kwenye taka. Umeandikwa kwa ajili ya majaribio ya maabara na kwa maji machafu ya mgodi au karakana. Vipira utakavyotengeneza mwenyewe hapa chini visichuje maji ya kunywa. Sababu utaiona tukifika kwenye kemikali zake.

Anza na chanzo, polima baadaye

Lazima ujue unawinda metali gani. Kule Kilembe, juu ya mji wa Kasese, shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982, na mabaki ya mgodi yakaachwa kando ya Mto Nyamwamba. Ndani yake mna pairiti, madini ya chuma na salfa. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki zilizobaki kwenye mchanga. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalikula kingo za mto huo, ambao huteremka kuelekea Ziwa George. Anayefanya kazi huko anawinda shaba na kobalti. Busia na Mubende, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, kwa hiyo huko mambo ni mengine kabisa. Mahali panapovunjwa betri za magari, tafuta risasi.

Kama juu ya mgodi kuna chemchemi safi, au paa la mabati na tangi la kuvunia mvua, nenda huko kwanza. Bomba la kuteremsha maji kutoka mlimani linadumu miaka mingi bila kuhitaji asidi wala taa. Nasema hivi mapema kwa sababu nimeona watu wanaipenda teknolojia hadi wanasahau kilima kilicho nyuma ya nyumba.

Halafu kuna chuma. Visima vingi vya pampu ya mkono nchini hutoa maji yenye chuma: jerikani hupata utando wa rangi ya kutu, chai huwa nyeusi, nguo nyeupe huharibika. Mara nyingi mabomba yenyewe ya kisima ndiyo yanayolika kwa maji yenye asidi kidogo. Chuma hakina sumu ya kutisha kama risasi, lakini kitaharibu kazi yako mara mbili: kitaziba polima, na kitazima mng'aro wake hata kama hakuna metali nyingine. Kitoe kwanza. Mwaga maji kwa kuyarushia hewa kutoka ndoo hadi ndoo, yaache yatulie hadi tope la kahawia lishuke, kisha yapitishe kwenye mchanga safi. Maji ya mgodi yenye asidi kali yaongezee chokaa kidogo kidogo kabla ya kuyarushia hewa, kwa sababu kwenye asidi chuma hakikubali kushuka upesi.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika kabla hata gari halijawashwa. Tumia chupa za plastiki ya polithini zilizolowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha zikasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Kwa zebaki tumia chupa ya kioo. Madukani maji yaliyokenekwa huuzwa kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo hukaa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki.

Mtoni, ingia ukielekea juu ya mkondo, chupa iwe mbele yako, usichukue maji uliyoyavuruga kwa miguu. Kisimani, piga pampu dakika kadhaa kwanza. Kama unashuku mabomba ya nyumba, chukua sampuli mbili: moja ya maji yaliyolala bombani usiku, nyingine baada ya kufungulia kwa muda. Tofauti ya hizo mbili itakuambia kama metali inatoka kwenye chanzo au kwenye bomba.

Ukitaka metali iliyoyeyuka peke yake, chuja hapohapo kwa chujio la mikromita 0.45. Baada ya kuchuja, ongeza matone ya asidi safi ya nitriki hadi pH, yaani kipimo cha asidi, ishuke chini ya 2, la sivyo metali itajibandika kwenye kuta za chupa na maabara itakuletea majibu mazuri ya uongo. Beba pia chupa moja ya maji yaliyokenekwa uliyoifungua na kuitia asidi palepale ulipo. Ikikutwa na metali, uchafu ni wako.

Kwa kipimo cha mwisho unahitaji mashine ya kupima metali kwa ufyonzaji wa mwanga wa atomi. Ulizia maabara ya Serikali ya uchunguzi wa kemikali iliyopo Wandegeya, maabara za shirika la taifa la maji, au idara ya kemia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Uliza mapema kiwango cha chini kabisa wanachoweza kusoma. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita kwa risasi na kwa aseniki, 0.003 kwa kadimi, 0.006 kwa zebaki isiyo ya kikaboni, 0.07 kwa nikeli na 2 kwa shaba. Mashine isiyoweza kusoma chini ya 0.05 haina la kukuambia kuhusu risasi.

Kuchagua polima

Polima yenyewe ni mnyororo. Kazi ya kushika hufanywa na vikundi vya atomi vilivyoning'inia kwenye mnyororo huo. Vyenye nitrojeni, yaani amini, hupenda shaba na nikeli. Vyenye salfa hushika zebaki kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote. Vyenye oksijeni, kama kaboksili, hushika risasi vizuri lakini hushika pia kalisi na magnesi, kwa hiyo kwenye maji magumu hujaa vitu visivyo na madhara. Risini za viwandani zenye iminodayasetiki, kama Lewatit TP 207 au Amberlite IRC748, zimeunganisha nitrojeni na oksijeni na huchagua shaba kuliko kalisi kwa mbali.

Aseniki na kromiamu ya sita usiziingize kwenye hesabu hii. Majini hizo hutembea zikiwa na chaji hasi au bila chaji, na polima ya kushika ioni chanya haina habari nazo. Zinahitaji polima iliyobebeshwa chuma, au ya kubadilishana ioni hasi.

Mng'aro je? Polima hung'aa pale elektroni zake zinapopokea nishati ya mwanga usioonekana na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Shaba na chuma zikishikamana na vikundi vya kushika metali hufungua njia nyingine ya nishati kupotea, na mwanga hufa. Zinki na kadimi mara nyingi hufanya kinyume: mng'aro huongezeka. Kwa hiyo mtu akikuambia polima yake huzimika ikikuta metali nzito, muulize metali ipi.

Na joto? Polima zenye mifupa ya pete za benzini, kama poliimidi na zile za pete za triazini, huvumilia zaidi ya nyuzi 300, nyingine zaidi ya 400. Namba hizo zinavutia kwenye karatasi, lakini zilipatikana kwa kupasha unga mkavu, mara nyingi ndani ya gesi ya nitrojeni. Maji ya Nyamwamba hayana nyuzi 300. Unachohitaji kujua ni kama polima itavumilia nyuzi 121 za mvuke wa otoklevu (chungu cha kuulia vijidudu), kukaushwa kwenye oveni mara nyingi, na kuoshwa kwa asidi ya vuguvugu. Kuna polima inayosimama imara ikiwa kavu, lakini viungo vyake hukatika taratibu ikilowa kwenye asidi moto. Jaribu mwenyewe: chemsha gramu moja saa mbili kwenye maji yenye pH ya maji yako, kausha, pima uzito, kisha rudia jaribio la kushika metali. Uzito ukishuka, au maji ya kuchemshia yakianza kung'aa chini ya taa, polima inayeyuka.

Kutengeneza vipira vya kitosani

Kwa darasa au karakana, polima rahisi kupata ni kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Ina amini nyingi, hupenda shaba, na huanza kuoza kwa joto la kati ya nyuzi 250 na 300. Ikifungwa kwa glutaraldehaidi, kemikali ya kuunganisha minyororo, hung'aa yenyewe kwa kiasi, bila kuongezewa rangi.

Vaa miwani na glavu. Glutaraldehaidi huchoma mapafu na macho. Fanya kazi mahali penye hewa, si kwenye darasa lililofungwa. Hiyo ndiyo sababu vipira hivi havifai kwa maji ya kunywa: mabaki ya glutaraldehaidi hayaonekani, na huna kifaa cha kuthibitisha yameisha.

Yeyusha gramu 2 za kitosani kwenye mililita 100 za asidi ya asetiki ya asilimia 2. Siki nyeupe ya dukani yenye asilimia 5 inaweza kutumika: mililita 40 za siki, jaza maji yaliyokenekwa hadi 100. Koroga hadi iwe nzito kama uji mwepesi, iache usiku kucha mapovu yatoke. Kesho yake andaa gramu 40 za kostiki soda kwenye lita moja ya maji. Tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, na tarajia chombo kipate moto. Ikipoa, dondosha kitosani tone kwa tone kwa sirinji isiyo na sindano, kutoka juu ya sentimita chache. Kila tone hugeuka kipira cheupe papo hapo. Vikitokea vyenye mkia, uji wako ni mzito mno au unadondosha kwa haraka.

Viache saa chache, suuza hadi pH ya maji ya kusuuzia ifike karibu 7. Sasa chukua mililita 2 za glutaraldehaidi ya asilimia 25, ongeza maji hadi mililita 100, loweka vipira humo saa sita. Utaviona vikibadilika kutoka weupe hadi manjano ya asali. Bila hatua hii vitayeyuka mara ya kwanza utakapoviosha kwa asidi. Usizidishe: kila amini inayofungwa na glutaraldehaidi ni amini isiyoweza tena kushika shaba. Suuza mara nyingi, kisha hifadhi ndani ya maji gizani.

Kabla ya kwenda mbele, chukua gramu 5 za vipira vilivyolowa, kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike tena. Huenda ukabaki na robo gramu tu, nyingine yote ni maji. Hesabu zote zinazofuata hutumia uzito mkavu. Ukichanganya, utakosea mara ishirini.

Jaribio la chupa

Fanya mazoezi kwa mrututu, yaani salfeti ya shaba, kabla ya kugusa maji ya mgodi. Gramu 0.393 za mrututu wenye maji ya fuwele, kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa, hukupa miligramu 100 za shaba kwa lita. Weka mililita 100 kwenye kila chupa, rekebisha pH iwe kati ya 5 na 5.5. Chini ya 4 amini hubeba chaji chanya na kuifukuza shaba. Juu ya 6 shaba huanza kujitenga yenyewe kama tope la buluu, nawe utaisifu polima kwa kazi isiyoifanya. Ndiyo maana chupa moja lazima iwe na maji yaleyale, pH ileile, bila kipira hata kimoja.

Tia vipira sawa na gramu 0.1 kavu kwenye chupa nyingine, tikisa, na chukua mililita chache baada ya dakika 10, 30, saa 1, saa 4 na saa 24. Kuangalia kwa haraka, ongeza amonia kidogo kwenye mrija mrefu na utazame kutoka juu ukiwa umeuweka kwenye karatasi nyeupe: buluu ya mwanzo inapaswa kupauka. Kwa namba, peleka maabara.

Hesabu ni hii: toa shaba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa lita za maji, gawa kwa gramu za polima. Ikiwa 100 imeshuka hadi 40, basi 60 mara 0.1 gawa kwa 0.1 ni miligramu 60 kwa gramu.

Usiifurahie namba hiyo sana. Imepatikana kwenye maji yenye shaba nyingi. Maji yenye miligramu 5 kwa lita hayaisukumi metali ndani ya polima kwa nguvu ileile, na gramu hiyohiyo inaweza kushika 8 tu. Rudia jaribio kwa maji halisi, yenye kalisi yake na udongo wake, kwa kiwango chake halisi. Makala nyingi za kisayansi hutangaza namba kubwa. Inayoamua utachuja jerikani ngapi ni hii ndogo.

Kusoma mng'aro

Taa ya nanomita 365 inatosha. Zile za kukagulia noti bandia kwenye maduka ya kubadilishia fedha ya Kampala ni za aina hiyo. Angalia namba iliyoandikwa kwenye balbu. Usiitazame moja kwa moja.

Toboa sanduku la katoni, tundu moja la taa na moja la kamera ya simu, paka ndani rangi nyeusi. Panga visahani vitatu: vipira vilivyokaa kwenye maji safi, vilivyokaa kwenye maji unayochunguza, na vilivyojazwa shaba makusudi. Piga picha zote tatu kwa pamoja, ukiwa umefunga mwangaza wa kamera usijirekebishe, maana simu hupenda kung'arisha kilichofifia. Joto pia hupunguza mng'aro, kwa hiyo visahani vyote viwe vimekaa mezani hadi vilingane.

Mambo yanayodanganya ni mengi. Chuma, nimeshasema. Maji yenye rangi ya majani yaliyooza kwenye vinamasi vya mafunjo humeza mwanga wa taa na pia hung'aa kibuluu yenyewe. Mahali watu wanapofulia, sabuni ya unga ina kemikali za kung'arisha nguo zinazowaka buluu kali chini ya taa hiyohiyo. Suuza vipira kwa maji safi kabla ya kuvipiga picha.

Halafu kuna kosa la kufikiri. Vipira vinavyong'aa bado havimaanishi maji ni salama. Vinamaanisha vipira havijajaa shaba. Maji yanaweza kuwa na risasi mara kumi ya kiwango huku vipira vikiwaka kama kawaida. Taa inakuambia hali ya chujio. Hali ya maji inatoka maabara.

Safu ya kuchujia

Chukua bomba la plastiki linaloonyesha ndani, weka wavu na mchanga chini, kisha lita moja ya vipira. Maji yapite taratibu, yakae kwenye vipira dakika 10 hivi. Hiyo ni lita 6 kwa saa, au zaidi ya saa tatu kwa jerikani ya lita 20. Lifunike kwa kitambaa cheusi, kwa kuwa jua huua mng'aro.

Tufanye hesabu yote. Tuseme lita moja ya vipira vilivyolowa ina gramu 30 kavu, na umepima miligramu 8 kwa gramu: jumla 240. Tumia nusu tu, 120. Maji yenye shaba miligramu 5 kwa lita yatajaza nusu hiyo kwa lita 24, yaani jerikani moja na kidogo. Kwa somo la darasani inapendeza. Kwa kijiji haifiki mbali. Risini za viwandani hushika makumi ya gramu za shaba kwa lita moja ya risini katika hali nzuri, na hapo ndipo hesabu huanza kuwa na maana kwa mgodi au karakana.

Weka safu mbili, maji yatoke ya kwanza yaingie ya pili. Chini ya taa utaona mpaka wa giza ukishuka kwenye safu ya kwanza. Ukikaribia mwisho, itoe ukaioshe, ya pili ihamie nafasi ya kwanza, na mpya ishike ya pili. Hapa mng'aro unalipa gharama yake kweli, kwani unakuonya siku kadhaa kabla ya majibu ya maabara kurudi.

Kuosha na kutupa

Vipira vilivyojaa shaba hupitishiwa asidi ya hidrokloriki ya molari 0.1, kiasi kidogo mara tatu kuliko kingi mara moja. Asidi itatoka na ubuluu wa kijani. Suuza kwa maji, pitisha kostiki hafifu ili amini zirudi hali yake, suuza tena. Pima uwezo baada ya kila duru na uuandike. Ukishuka chini ya nusu ya ule wa mwanzo, vipira vimemaliza kazi.

Sasa una chupa ya asidi yenye shaba yote uliyoitoa mtoni, ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa. Usiimwage. Ongeza chokaa hadi pH ifike 9 au 10, tope la metali litatua chini. Mwaga maji ya juu baada tu ya kuyapima, kausha tope kwenye beseni lililo chini ya paa, ulifunge kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko. Tope na vipira vilivyochoka haviingii chooni wala shambani. Moto pia usiutumie, na vya zebaki ndivyo hasa, kwa sababu zebaki hupaa na mtu wa kwanza kuivuta ni aliyeshika kiberiti. Kabidhi kwa mchukuaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kabla hujaanza jaribio la kwanza uwe umeshamuuliza kama atapokea.

Kwenye lebo andika metali, tarehe, mahali maji yalikotoka, kemikali ulizotumia na uzito. Iandike kwa kalamu isiyofutika kwa maji, na nakala yake ibaki kwenye daftari la maabara.